Mfinyanzi na Watu wa Nyuma ya Matogoro

Saa tatu na nusu asubuhi, kwa saa ya ukutani ya duka ambalo nilikuwa nikishona barazani pake, mfinyanzi alikuja kwangu hana chungu kichwani. Hilo ndilo nililoliona kwanza, kabla sijautazama uso wake. Kwa miaka yote niliyomjua hakuwahi kushuka kutoka Matogoro hadi karibu na boma la Songea mikono mitupu. Alisema safari bila mzigo ni kuichosha miguu bure.

"Fundi, weka sindano chini," akasema. "Mwenzako amekunywa dawa jana. Anaondoka leo jua likianza kushuka. Njoo unisaidie kumzuia."

Mwenzangu alikuwa mwanawe, mtoto pekee aliyembakia baada ya wengine kufa wangali wadogo. Dawa ilikuwa ile ya maji, iliyoletwa kwetu Ungoni na watu waliotoka upande wa macheo. Aliyeinywa na kunyunyiziwa aliambiwa kwamba risasi ya Wadachi ikimfikia itageuka maji na kumtiririka mwilini. Vijana wengi wa vijijini walikuwa wamekwisha kuinywa, na hakuna aliyejificha tena.

"Mama, mimi atanisikiliza kwa lipi?" nikamwuliza. "Wakubwa wenyewe wamekubali."

"Wewe unawajua watu wetu. Mimi nikisema, ananijibu kwamba ni mimi niliyemfundisha."

Nikaichomeka sindano kwenye kitambaa, nikachukua fimbo yangu, nikamfuata. Lakini siwezi kueleza tulichokwenda kufanya siku ile kabla sijaeleza ni watu gani aliowataja, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani.

Watu wale hawakuwa wanadamu. Aliwafinyanga kwa udongo uliosalia kila alipomaliza vyungu vyake, kila mmoja urefu wa kidole cha kati, akawapanga juu ya uchaga ndani ya nyumba, kabila hili hapa na lile pale. Alituambia kwamba wanaishi nyuma ya milima ya Matogoro, upande ambao kutoka kwetu hauonekani, na sisi watoto tuliiita nchi yao Nyuma. Warina asali waliovuka milima walituambia kwamba kule kuna msitu tu. Tulipompelekea habari hiyo hakubabaika.

"Walipita mchana," akasema. "Mchana wenyewe wako shambani."

Neno hadithi hakulitaka nyumbani kwake. Mtoto aliyesema, "Mama, tupe hadithi," alipewa gunzi la mhindi akasugulie chungu. Aliyesema, "Mama, kule hawajambo?" alijibiwa. Wala hakutupa habari zote mwenyewe. Alifinyanga umbo, akaliweka juu ya kigae katikati yetu, kisha akaanza kutuuliza maswali akiwa ameshika kazi nyingine. Huyu anakula nini? Anamwogopa nani? Akifiwa anafanyaje? Nani humchotea maji akiugua? Tuliposhindwa kujibu moja, umbo lilirudi kwenye tope, na jioni ile kabila lile halikuwapo tena duniani.

Nakumbuka kabila la wasio na vinywa. Walikula kwa viganja vya mikono, na kwa hiyo kule kwao kumpiga mtu kofi lilikuwa jambo lisilofikirika, sawa na kumpiga mtu kwa meno. Kusalimiana kwao kulikuwa kulishana: kila mmoja alimwekea mwenzake chembe ya ulezi kiganjani. Siku moja msichana mmoja wa jirani alisema kwamba watu wale wana nyimbo nzuri sana.

"Wanaimba kwa mdomo gani?" mfinyanzi akamwuliza.

Tulilibeba swali lile mashambani, tukalala nalo, tukarudi nalo. Mwishowe mwana wa mfinyanzi ndiye aliyepata jibu: wanaimba kwa kusugua viganja. Mama yake hakumsifu. Alisema, "Basi hawawezi kuimba na kula kwa wakati mmoja. Karamu zao ni kimya." Tulitazamana, kwa sababu ilikuwa kweli, na hakuna kati yetu aliyekuwa ameifikiria.

Kulikuwa pia na watu wa moshi, ambao hakuwafinyanga, kwa kuwa alisema hawashikiki. Waliishi ndani ya moto wa kuchomea vyungu tu. Walizaliwa magome yaliposhika moto, wakaoana makaa yalipokuwa mekundu, wakagombana, wakazeeka, na majivu yalipopoa walikuwa wamekwisha kuzikana wote. Lugha yao haikuwa na neno kesho. Mtoto aliyechokora majivu kabla hayajapoa alikemewa, "Waache wazee wafe taratibu." Nilipokuwa mtu mzima nilifahamu kwamba chungu kikitolewa motoni mapema hupasuka. Hata hivyo sidhani kwamba watu wa moshi walikuwa hila ya kulinda vyungu. Alikuwa akikaa kando ya moto ule hadi mwisho, hata siku za mvua, na aliponyanyuka hakuzungumza na mtu.

Alikuwa mkali katika kazi na katika maneno. Mnunuzi akimwuliza kama chungu ni kizima, mfinyanzi alikigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema lililo kweli, hata kama lilimkosesha chakula. Nilimsikia akimwambia mke wa jumbe, "Hiki hakifiki masika. Chukua kile." Alikuwa bahili wa chumvi kiasi cha watu kumtania. Jirani yake mmoja, mtani wake, alikuwa akisimama nje ya ua na kuita, "Hodi, nimekuja kunusa chumvi yako, kuonja najua siruhusiwi." Naye alijibu kutoka ndani, "Pua yako ilivyo kubwa, utaimaliza hata kwa kunusa." Kisha alimpa kidogo katika jani. Wakati huohuo alikuwa tayari kupoteza asubuhi nzima ya kiangazi, wakati wa kazi, akibishana na watoto kama watu wasio na vinywa wanaweza kupiga miayo.

Sasa nieleze juu ya tundu.

Kila umbo alilolifinyanga alilitoboa kwa mwiba kabla halijakauka. Tundu lilikuwa dogo, na mahali pake palitofautiana. Wasio na vinywa waliwekewa katikati ya kiganja. Kulikuwa na ndege wenye mashamba, na hao walitobolewa nyuma ya shingo. Alisema hapo ndipo mahali pao pa kuumia, na kwamba umbo lisilo na mahali pa kuumia halitoki motoni. Na kweli halitoki. Udongo ulioshikana hubaki na unyevu moyoni, na moto ukikolea unyevu ule hutafuta njia. Usipoipata, umbo hupasuka na kuvunja hata vyungu vilivyo karibu. Mara moja nilimwuliza kama tundu ni kwa ajili ya moto au kwa ajili ya watu wenyewe.

"Wewe unaona ni mambo mawili?" akasema. "Mtu asiyeumia ataniita mimi wa nini? Atakaa kule peke yake kama jiwe."

Mimi nina mguu wa kushoto uliokonda tangu utotoni. Wenzangu waliniita Kijiti, na sikuwa na cha kuwajibu. Siku moja, mbele yao wote, aliweka juu ya kigae umbo lenye mguu mmoja mnene na mmoja mwembamba, na tundu lilikuwa katika ugoko wa mguu mwembamba. "Hawa ni Wasikilizi," akasema. "Mguu mwembamba ndio sikio lao. Wakiuweka chini wanasikia maji yalipo, na mgeni anapokuja, na kama nyumba ina mtu au haina." Mtoto mmoja akauliza je, mwenye miguu miwili minene kwao ni nani. "Ni kiziwi," akajibu. "Wanamhurumia. Wanampa kazi nyepesi."

Tangu jioni ile hakuna aliyeniita Kijiti. Walikuwa wakinijia na kuniuliza, wengine kwa mzaha na wengine si kwa mzaha, kama mvua iko karibu. Kwa kweli nilijifunza kutulia na kusikiliza. Nikajifunza kushona, kazi ya mtu wa kukaa, na kwenye duka la mfanyabiashara wa pwani nikajifundisha mwenyewe kusoma saa, kisha herufi zilizopigwa chapa kwenye magunia, kisha maneno. Hakuna aliyenifundisha, lakini namna ya kuuliza nilikuwa nimeipata pale uani kwake.

Mwanawe naye alipewa kabila lake, na hapo ndipo mfinyanzi alipokwenda kinyume cha kanuni yake, mara moja tu.

Tulikuwa bado wadogo. Mwanawe alishikwa na homa, siku zikapita na homa haikushuka. Nilikuwa nikikaa mlangoni. Mama yake alikuwa amekwisha kuzika watoto, na kila mtu pale kijijini alijua jinsi alivyokuwa akimtazama huyu. Mchana mmoja mtoto alifumbua macho akasema kwamba anataka mtu wa Nyuma wa kulala naye.

"Chagua," mama akasema, akamwonyesha uchaga.

"Hawa wote wana tundu. Nataka asiyekuwa nalo."

"Hakuna wa namna hiyo."

"Tengeneza."

Akatoka nje. Nilimwona ameketi kwenye gogo, donge la udongo mkononi, hafanyi kitu. Kisha akafinyanga. Umbo lilikuwa laini, halina mkunjo wala alama, na mwiba ulibaki pembeni. Aliporudi ndani akalilaza kifuani pa mtoto. "Huyu ni Mpitwa," akamwambia. "Watu wake wana mwili wa maji. Ukimchoma mkuki, mkuki unapita na maji yanajifunga nyuma yake. Homa nayo inapita. Wewe ni wa kwao."

"Haumii kabisa?"

"Haumii."

"Wanakula nini?"

Sikuwahi kumwona akishindwa kujibu swali la namna hiyo. "Lala," akasema.

Homa ilipita. Kama ingepita hata bila Mpitwa sijui. Mtoto alipopona alitaka rafiki yake achomwe motoni kama wengine, awekwe uchagani. Mama yake alimwambia kwamba Wapitwa hawapendi moto. Akalifunga umbo katika kipande cha nguo ya gome, akalichomeka juu ya mlango upande wa ndani, na pale likakaa miaka mingi, kavu, halijachomwa. Mimi na yeye tulijua kwa nini. Mtoto alijua tu kwamba katika nchi nzima ya Nyuma kulikuwa na kabila moja lisiloweza kuuawa, na kwamba lilikuwa lake.

Alikua kijana mzuri, mcheshi, mwepesi wa mkono. Ndiye aliyemchimbia mama yake udongo ukingoni mwa mto Luhira na kumbebea. Alijenga nyumba yake karibu na ya mama yake, hatua chache tu, akaisiriba kwa udongo mwekundu. Hata alipokuwa na ndevu, akijikwaa au akiungua na chungu alicheka na kusema, "Imepita." Mama yake alikuwa akigeuza uso.

Basi siku ile ya saa tatu na nusu tulipanda Matogoro, yeye mbele na mimi nyuma na fimbo yangu. Tulimkuta mwanawe ameketi mlangoni pa nyumba yake, amejifunga mabua ya mtama kichwani kama wote waliokunywa dawa, mkuki magotini.

"Aa, Fundi Sindano," akasema. "Umekuja kunipima kanzu ya vita? Mabega haya yamenenepa, leta kitambaa kingi."

"Nimekuja kwa sababu mama ameniita."

"Najua. Keti. Uniambie mguu unasema nini. Wanakuja wangapi?"

"Mguu unasema ubaki."

Akacheka. "Mguu huo ni mwoga tangu zamani."

Mama yake alikuwa ameingia nyumbani kwake. Alitoka na bakuli la maji mkono mmoja, na kile kifurushi cha nguo ya gome mkono wa pili. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, jambo ambalo mama hamfanyii mwana, na kijana akaacha kucheka.

"Inuka, mama."

"Sikiliza kwanza. Huyu sikumchoma. Alikuwa hana tundu, angepasuka. Nilikwambia hapendi moto, nikakudanganya. Sikuwahi kukudanganya neno jingine, nilikudanganya hilo. Hakuna Wapitwa. Nilimfinyanga kwa sababu ulikuwa unakufa na mimi sikuwa na cha kukupa. Tazama."

Akaliweka umbo ndani ya bakuli. Lilisimama kidogo, likitoa mapovu. Kisha mabega yakalegea, kichwa kikainama, maji yakaanza kuwa meupe, na tukiwa tunatazama likawa tope chini ya bakuli. Udongo usiochomwa ndivyo ulivyo, kila mfinyanzi anajua.

Kijana alitazama ndani ya bakuli kwa muda mrefu. Uso wake ulibadilika, na nilimwona mama yake akikaza vidole vyake kwenye ukingo wa bakuli. Nilidhani tumefaulu. Bado nadhani kwamba kwa kitambo kidogo tulikuwa tumefaulu.

Kisha akatabasamu, polepole, kama mtu aliyepata jibu la swali uani pale.

"Amekwenda kwao," akasema. "Si ulisema mwili wao ni maji? Alikuwa akingoja miaka yote hii juu ya mlango, na wewe umemfungulia."

"Mwanangu, ni tope."

"Mama, tulikuwa tunakuuliza wanakula nini na hukujibu kamwe. Ni kwa sababu hawali. Ni maji. Dawa hii watu wameileta kutoka mbali, na mimi nilikuwa nayo kwetu tangu utotoni."

Akaingiza mikono miwili ndani ya bakuli, akayachota maji yale meupe, akajipaka kifuani, mabegani na usoni. Mama yake alijaribu kulivuta bakuli. Alichelewa.

Nilisema niliyoweza. Nilimwambia kwamba makabila yote ya Nyuma yana tundu, na ndiyo maana yalitoka motoni mazima, na mimi mwenyewe nina langu na bado ninaishi. Hakunijibu kwa dharau. Aliweka mkono juu ya bega langu, tope likaingia kwenye kanzu yangu.

"Wewe ni Msikilizi," akasema. "Msikilizi hubaki nyumbani asikilize. Nitakuletea koti la askari ulipunguze."

Alimwinua mama yake kwa kumshika viwiko, akamketisha kwenye gogo lake, akaondoka kwenda kuungana na wenzake. Jua lilikuwa limeanza kushuka.

Vita sikuviona. Watu wa duka walipokimbilia ndani ya ukuta wa boma nilichukuliwa pamoja nao, kwa sababu askari walikuwa na nguo za kushonwa. Wapiganaji tuliwasikia kwa mbali, na baadaye tukaisikia bunduki ya bombom, ile inayomimina risasi mfululizo, ambayo haina mfano wa sauti nyingine. Yaliyotokea njiani upande wa Namtumbo nilisimuliwa na waliorudi. Walisema vijana walikwenda mbele wakiwa wima, wakipaza sauti, "Maji, maji!" na waliokuwa nyuma waliwaona wa mbele wakilala chini, wakadhani wanapumzika.

Mfinyanzi alikwenda kumtafuta mwanawe. Alimpata. Aliniambia mambo mawili tu, nilipoweza kupanda tena Matogoro. Kwanza, tope lilikuwa bado kifuani pake, limekauka na kupasukapasuka. Pili, tundu lilikuwa chini ya kwapa la kushoto, dogo, na alimgeuza akatafuta upande wa pili, hapakuwa na kitu.

"Haikupita," akasema. "Ilibaki ndani."

Hakuwa akiniuliza.

Baada ya hapo ikaja njaa. Maghala yalikuwa yamechomwa na mashamba yamekanyagwa, na wakubwa wengi walikuwa wamenyongwa. Watu walikula mizizi ya porini na matunda ya masuku yasiyoiva. Yule mtani wake wa chumvi alikufa mwaka ule. Watoto hawakuja tena uani, wengine hawakuwapo na wengine hawakuwa na nguvu ya kupanda, na mfinyanzi hakumwuliza mtu tena swali lolote kuhusu Nyuma. Vyungu aliendelea kufinyanga, vichache, kwa watu wasiokuwa na cha kupika.

Umbo moja tu alilifinyanga miaka ile. Lilikuwa laini, halina mkunjo wala alama, na chini ya kwapa la kushoto lilikuwa na tundu la mwiba. Alilichoma. Lilitoka zima.

"Wapitwa wamekamilika," akaniambia, akanipa nilishike. Lilikuwa bado na joto. "Wangekuwa hivi tangu mwanzo, angeniuliza wanaumia wapi, nami ningemwonyesha."

"Mama, vijana elfu walikunywa dawa ile ambao hawakuwa na mama mfinyanzi."

"Wana mama zao," akasema. "Mimi nazungumza juu ya wangu."

Kisha kodi ilirudi. Kila nyumba ilidaiwa rupia tatu, na nyumba zake zilikuwa mbili: aliyolala yeye, na ile ya udongo mwekundu. Ya kwake aliilipia kwa vyungu vya jikoni kwa askari. Mtu wa jumbe, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimshauri.

"Mama, ile nyingine ivunje. Nyumba isiyokuwa na mtu unailipia ya nini?"

"Ina mtu," akajibu.

"Basi aje alipe."

"Nitamlipia."

Siku chache baadaye alishuka mjini na kikapu. Mzungu mmoja msafiri alikuwa amefikia karibu na duka letu, akinunua ngao, ngoma na vitu vyote vya zamani ili avipeleke kwao. Aliketi barazani kwenye kiti chake cha turubai, na mpishi wake, mtu wa pwani, alikuwa mkalimani. Mfinyanzi alitandika nguo sakafuni, karibu kabisa na nilipokuwa nikishona, akaanza kuwatoa mmoja mmoja: wasio na vinywa, ndege wenye mashamba, Wasikilizi, wote. Aliwapanga kama walivyokuwa uchagani, jirani na jirani yake.

"Bwana anauliza, hivi ni vya dawa gani?" mpishi akasema.

"Si dawa. Ni majirani."

Mpishi akamtafsiria bwana wake maneno mengi kuliko hayo. Mzungu akaandika.

"Atatoa rupia mbili kwa vyote."

"Tatu."

"Mama, udongo huu? Rupia mbili ni mbuzi, ng'ombe wa mtu maskini."

"Kodi ni tatu."

Mzungu alikuwa akitazama mkono wa kushoto wa mfinyanzi, uliokuwa umefumbwa. Akasema kitu.

"Anauliza kilicho mkononi."

"Hiki si cha kuuza."

"Basi ni mbili. Akipata na hicho, tatu."

Niliacha kushona. Mfukoni nilikuwa na pesa za shaba chache, nikazitoa zote nikamwonyesha. Alizitazama, akanitazama mimi, akatikisa kichwa, kwa kuwa hazikufika hata nusu rupia. Alibaki ameketi hivyo mpaka mpishi akaanza kukusanya vitu vya bwana wake. Kisha akafumbua mkono.

Jumapili yake nilipanda kwenda kumwamkia. Nilimkuta mlangoni pa nyumba ya mwanawe, amekwisha kuifagia. Ndani kulikuwa na mkeka, na mabua makavu ya mtama yalining'inia ukutani, sijui aliyapataje. Uchaga wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa mtupu. Nilimsalimu, akaitika, akanionyesha kizingiti.

"Fundi, weka mguu wako pale ndani. Ule mwembamba. Uniambie kama nyumba ina mtu."

Nilikuwa mtu mzima, ninajua kusoma, na ninajua mguu wangu ulikondeshwa na ugonjwa. Nikavua kiatu, nikauweka ugoko na unyayo juu ya udongo alioumwagia maji asubuhi ile. Nilikaa kimya muda uliopasa. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kwamba jibu la uongo huharibu nchi nzima.

"Kuna kitu kinapiga, mama," nikasema. "Lakini ni damu yangu."

Aliutazama mguu wangu.

"Lakini imepiga humu ndani?"

"Humu ndani."

"Basi sikumdanganya mtu wa jumbe," akasema, na akaniomba nikae hivyo kidogo zaidi. Nikakaa.

Kesho yake kodi ililipwa, na nyumba ya udongo mwekundu haikuvunjwa mwaka ule. Nchi yote ya Nyuma, pamoja na Mpitwa mwenye tundu chini ya kwapa, ilikuwa imetoka kwa rupia tatu.